Kanda za Garissa na Diski za Bei ya Mbuzi

Upo msiba usiokaliwa matanga, nao ni msiba wa kanda ya video iliyokufa. Hakuna jirani anayeleta sinia, hakuna khitma, na aghalabu mfiwa mwenyewe hajui kwamba amefiwa mpaka siku anapoitia kanda katika deki akaona chengachenga tupu pale alipotarajia kumwona marehemu mamake akicheka. Msiba huu umetapakaa pwani nzima, Mombasa, Malindi na Lamu, lakini mahali nilipouona ukiwa mzito zaidi ni Garissa na nchi yote ya Kaskazini Mashariki, tangu Ijara hadi Mandera. Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo laweza kuonekana kuwa ni la mafundi peke yao: namna ya kuziweka picha hizi katika diski ngumu za kompyuta, kwa fedha ambazo mtu wa kawaida anazo.

Mimi ni mwanamke wa pwani, na kazi yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake. Kazi hiyo imenichukua Garissa mara nyingi kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Nimeingia katika nyumba ambazo juu ya kabati la nguo pana katoni nzima ya kanda, nyingine za VHS, nyingine zile ndogo za MiniDV, na siku hizi memori kadi na simu mbovu zilizofungwa pamoja kwa mpira. Ndani ya katoni hiyo mna harusi, naam, lakini si harusi tu. Mna akina mama wakitunga na kuimba buraanbur papo kwa papo, kila mmoja akimjibu mwenzake, na beti zile hazikuandikwa popote. Mna wazee chini ya mti wakisuluhisha damu iliyomwagika kisimani. Mna mawaidha ya Ramadhani, mna soko la ngamia, mna ukame na mizoga yake, mna barabara za Garissa kabla ya magorofa. Kwa ufupi, mna historia.

Hapa yafaa tukumbuke tofauti moja baina yetu na jirani zetu hawa. Sisi wa pwani tulijaliwa kalamu mapema. Chuo cha Tambuka kina nakala iliyoandikwa mwaka 1728, kwa herufi za Kiarabu, na Siyu katika kisiwa cha Pate palisifika kwa mafundi wa kunakili misahafu. Kisomali hakikupata maandishi rasmi mpaka mwaka 1972, na hayo yalipatikana ng'ambo ya mpaka, huko Mogadishu. Kwa hiyo maktaba ya Msomali ilikuwa kifua chake, na ilipokuja kaseti, aliipokea kama mtu aliyekuwa akiingoja. Watu walitumiana barua za kaseti: baba aliyeko Jeddah anazungumza upande mmoja, mke aliyeko Wajir anajibu upande wa pili. Video ilipofuata, ikashika pahali papo hapo. Kwetu kanda ikipotea huenda kuna waraka mahali. Kwao, mara nyingi, kanda ndiyo waraka.

Na ikiwa sisi tumebakiwa na tenzi za zamani, haikuwa kwa sababu karatasi za Lamu zilikuwa na nguvu kuliko mchwa wa Lamu. Zilibaki kwa kuwa kila kizazi alipatikana mtu wa kukaa chini na kunakili. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeishi hadi miaka ya 1940, alinakili kwa mkono wake tenzi nyingi mno, na baadhi ya kazi hizo leo ziko London na Ujerumani kwa kuwa wageni ndio waliokuwa tayari kumlipa. Nakala ndiyo iliyookoa. Neno lenyewe twalijua, kazi yenyewe twaijua, tumeisahau tu ilipobadilika umbo kutoka wino hadi sumaku.

Sasa nije kwenye jambo zito. Tarehe 10 Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawekwa pale siku kadhaa juani, na wengi hawakurudi. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Wenyeji hutaja maelfu. Habari hizi zilitoka nje kwa juhudi za watu wachache, akiwamo Annalena Tonelli, mwanamke wa Kitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu huko Wajir. Ilipita miaka 27 mpaka Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja kuwasikiliza watu wa Kaskazini Mashariki hadharani, mwaka 2011, na ripoti yake ikakabidhiwa Rais Mei 2013. Mwaka 2015 Judy Kibinge akatoa filamu yake juu ya Wagalla. Hizo ni kazi kubwa na tunazishukuru. Lakini wajane waliobaki wana umri gani leo? Ukifanya hesabu, aliyekuwa na miaka 25 mwaka ule amekwisha kupita 65. Wapo vijana waliowaketisha bibi zao mbele ya simu wakawarekodi. Ushahidi wa bibi huyo upo katika simu moja, katika mfuko mmoja wa suruali, katika mji ambao simu huibwa kama ilivyo miji yote. Na hili nasema pia juu ya Garissa ya mwaka 1980 na Bulla Karatasi, na juu ya familia zilizopoteza watoto katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148. Wazazi wengine hawana sauti ya mtoto wao isipokuwa ile ya sekunde chache iliyomo katika simu.

Wala asidhani mtu kwamba kupoteza ni tabia ya maskini. NASA, shirika la Marekani lililopeleka watu mwezini mwaka 1969, lilitafuta kanda asilia zilizopokea picha za siku ile, na mwaka 2009 likasema kwamba yaelekea zilifutwa zikatumiwa tena kwa kazi nyingine. Picha tunazoziona leo zimetengenezwa kutokana na nakala zilizokuwa kwenye vituo vya televisheni. Narudia: nakala. Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Watu wa Redio Hargeisa walizificha kanda zao mji ulipopigwa mabomu mwaka 1988, na baadaye Kituo cha Utamaduni cha Hargeisa kikakusanya kaseti zaidi ya 10,000 kutoka kwa watu wa kawaida. Hawakuwa na fedha za NASA.

Basi tuingie dukani. Diski ya nje ya terabaiti 1, ile inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya, bei yake haiko mbali na bei ya mbuzi mzuri katika soko la Garissa. Terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000. Kanda ya MiniDV ya saa 1, ikinakiliwa vile ilivyo bila kubanwa, huchukua kiasi cha gigabaiti 13, kwa hiyo diski hiyo hupokea kanda zaidi ya 70. Kanda ya VHS ikigeuzwa kuwa faili nzuri ya MP4 huchukua gigabaiti 3 au 4 kwa saa, yaani diski yapokea zaidi ya saa 250. Katoni nzima ya juu ya kabati yaingia katika kitu cha ukubwa wa kiganja. Mwaka 1956, IBM walipotoa diski yao ya kwanza, ilikuwa na ukubwa wa makabati mawili ya nguo na ikabeba herufi milioni 5 tu. Wimbo mmoja wa simu ya leo ungeijaza.

Lakini diski moja haitoshi, na hapa ndipo wengi wa wateja wangu wananikasirikia. Mtu hunakili kanda zake zote katika diski moja, kisha kanda akazitupa, akajiona amemaliza kazi. Ndani ya diski hiyo mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kinachosoma kikiwa karibu nazo kuliko unene wa unywele. Ikianguka inafanya kazi, imekwisha. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayoendesha diski kiasi cha laki 3, huchapisha hesabu zake kwa wote, na kwa miaka ya karibuni hufa diski 1 au 2 katika kila 100 kwa mwaka. Hizo ni diski zinazokaa katika vyumba vyenye baridi, hazijui vumbi la Garissa. Tuseme ni 2 katika 100. Ukiwa na diski moja, hiyo ndiyo bahati yako kila mwaka, na miaka hujumlika. Ukiwa na mbili, kufa zote mwaka mmoja ni bahati ya 1 katika 2,500. Mtoto wa kiume tunamchinjia akika ya mbuzi wawili. Sauti za mababu nazo zistahili mbuzi wawili, na watatu wakipatikana ni bora.

Hata hivyo hesabu hiyo ni ya kweli kwa sharti moja, kwamba diski hizo zisikae kabati moja. Wanaotunza kumbukumbu duniani wana kanuni nyepesi: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na moja iwe mbali. Neno la mwisho ndilo lenye maana zaidi kwa watu wa Garissa. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yaliingia majumbani, watu wakahama na watoto na magodoro. Nani atakumbuka diski? Mto huohuo hushuka mpaka baharini Kipini, na mabasi ya Garissa hushuka nao kwa njia ya Garsen mpaka Malindi na Mombasa. Rai yangu basi ni hii: mwenye jamaa Mombasa ampe diski moja aiweke, naye mtu wa Mombasa au Lamu apeleke yake Garissa. Sisi twafa kwa unyevu na chumvi, wao wafa kwa joto na vumbi na mafuriko. Ni nadra majanga haya kutufika siku moja. Udugu wa harusi baina yetu upo tayari, unaotakiwa kuongezwa ni udugu wa diski.

Safari yenyewe ina adabu zake. Diski isafiri ikiwa imezimwa, imefungwa kitambaa kizito, mkononi mwa mtu, wala si katika buti la basi chini ya magunia. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, kwa maana diski nyingi hazikuundwa kufanya kazi juu ya nyuzi 60, na gari la Garissa saa nane mchana halina huruma. Nyumbani ikae pahali penye kivuli na ubaridi, katika mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo sisi huvitupa. Iwashwe angalau mara moja au mbili kwa mwaka. Ikianza kulia tik, tik, izimwe papo hapo apewe fundi ajuaye, na asiifungue mtu kwa bisibisi ya redio. Baada ya miaka 5 inunuliwe nyingine na kila kitu kihamishwe, hata kama ile ya zamani bado yacheka.

Flashi na memori kadi zifaa kuchukulia kitu, hazifai kuwekea. Hizo na zile diski mpya za SSD hushika kumbukumbu kwa chaji ya umeme, na zikiachwa miaka bila kuwashwa, hasa penye joto, chaji hiyo hupungua. Tena jihadharini na flashi za bei ya sahani ya wali zilizoandikwa terabaiti 2 au 16. Niliuziwa moja na mchuuzi. Ndani mlikuwa na kadi ndogo tu, na kompyuta imedanganywa ionyeshe namba kubwa. Unatia picha, majina ya faili yanaonekana yote, kumbe picha zenyewe zimeandikwa juu ya nyingine. Zipo programu za bure, H2testw na F3, ambazo huijaza diski nzima kisha ikasoma kilichoandikwa. Diski mpya ipitishwe huko kabla haijapewa amana. Na wakati wa kunakili, tumia programu inayolinganisha nakala na asili, kama TeraCopy, maana faili yaweza kufika ikiwa na kasoro na usijue.

Vijana huniambia, "Shangazi, siku hizi kila kitu kinawekwa kwenye intaneti." Nawajibu kwa hesabu. Kupandisha terabaiti 1 kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika, ni zaidi ya siku 9 usiku na mchana. Mandera minara ya simu imelipuliwa mara ngapi? Na ghala za intaneti hutozwa kila mwezi, ukishindwa kulipa hufungiwa. YouTube nayo huibana picha, na akaunti yaweza kufungwa na watu usiowaona wala kuwafikia. Kwa mambo machache yaliyo muhimu kupita yote, dakika 10 za ushahidi wa bibi, harusi ya wazazi, intaneti yafaa kuwa nakala ya tatu. Kwa katoni nzima, mbuzi ni rahisi.

Umeme hauwezi tena kuwa kisingizio kule mjini. Garissa ina shamba la umeme wa jua la megawati 50 lililofunguliwa Desemba 2019, na hata penye umeme wa kukatika, kompyuta ya mkononi ina betri yake. Kilicho ghali hasa ni muda, kwa sababu kanda ya saa 1 hunakiliwa kwa saa 1, haikubali kuharakishwa. Na kilicho ghali kuliko muda ni majina. Nimeona diski zilizojaa faili zinazoitwa "video 1", "video 2", mpaka mia na kitu. Atakayezifungua baada ya miaka 30 atamjuaje aliyeketi kulia kwa bwana harusi? Kila faili ianze na mwaka, kisha mji, kisha jambo. Kisha atafutwe mzee, akae mbele ya kioo na chai yake, ataje watu mmoja mmoja, na binti wa shule aandike katika daftari. Daftari hilo lipigwe picha, picha iwekwe katika diski zote. Nimekaa katika vikao hivyo, na nakwambia ndivyo vizuri kuliko harusi zenyewe. Wazee hulia, hucheka, hubishana ni ngamia wa nani yule.

Limebaki jambo ambalo najua litaleta maneno. Kanda nyingi nilizopiga mimi ni za wanawake bila hijabu, wakiwa kwa wenzao, wamejipamba, wanacheza. Nimesikia wanaume, wengine watu wazima wa heshima, wakisema dawa yake ni moto: mwanamke akishaolewa, au akishafariki, kanda ichomwe. Mimi si sheikh wala sitoi fatwa. Mwenye picha akitaka picha yake ifutwe, ifutwe mara moja, bila kuulizwa sababu. Ni haki yake katika dini, na tangu mwaka 2019 ipo pia sheria ya Kenya ya kulinda habari za mtu binafsi. Lakini kwamba mtu mwingine achome kwa niaba yake, hapo sikubali. Sauti za buraanbur zilizomo humo ndizo elimu ya akina mama wa Kaskazini Mashariki, na tukizichoma tutabaki na gabay za wanaume peke yake, kana kwamba wanawake wa Garissa hawakuwahi kusema neno.

Tena moto si dawa pekee. Diski yaweza kufungwa kwa nywila, kwa programu ya bure kama VeraCrypt, na asiye na nywila haoni kitu hata akiiba diski yenyewe. Nywila ishikwe na wanawake wawili wa ukoo, mmoja mkubwa na mmoja kijana, iandikwe katika karatasi ikae na hati za nyumba. Yawezekana pia kutoa sauti peke yake, picha zikabaki zimefungwa, na beti zikaandikwa kitabuni. Namna hii nimeifanya kwa familia tatu, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kaunti ya Garissa ina maktaba ya serikali, na ilikuwa huko, mwaka 1996, ambako vitabu vilianza kupandishwa juu ya ngamia wakapelekewa watoto wa wafugaji. Maktaba iliyoweza kumfundisha ngamia kubeba vitabu haitashindwa kuweka meza moja, deki moja na kompyuta moja, wenyeji wakaja na kanda zao wakarudi nazo na nakala. Sitaki wachukuliwe kanda zao. Nataka warudi nazo. Na isisubiriwe fedha ya mfadhili, kwa maana mfadhili huja na katoni yake ya kuchukulia.

Cha haraka kuliko vyote ni deki. UNESCO ilitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba baada ya kiasi cha mwaka 2025 kanda nyingi za sumaku hazitasomeka tena, na sababu kubwa ni kukosekana mashine. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikiunda deki za VHS, kiliacha Julai 2016. Zilizobaki ndizo hizo zilizo stoo, chini ya meza, nyingine zimegeuzwa vigoda vya kuwekea maua. Mwenye deki inayozunguka, awe Garissa, Wajir, Lamu au Mombasa, asimpe fundi aivunje vipuri. Aisafishe kichwa kwa spiriti na kitambaa laini, aijaribu kwanza kwa kanda asiyoijali, halafu awaambie majirani kwamba anayo.